Jiwe Lenye Mguu wa Kuku

Kila asubuhi Kaha alifungua mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshabana pua. Ilikuwa mwaka wa 1998, miezi michache baada ya zile mvua kubwa za El Nino, na kijiji chao cha Bula Qurah, kando ya barabara ya kutoka Garissa kwenda Masalani, kilikuwa kinanuka. Mafuriko yalikuwa yamerudi mtoni yakaacha nyuma bwawa pana lisilo na pa kwenda. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mtu mwenye akili zake hapendi kukitazama: choo cha shimo cha shule kilichobomoka, samadi ya mazizi, na mizoga ya mbuzi na kondoo waliokufa kwa homa baada ya mvua. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyochacha, na juu yake palitanda utando wa kijani. Nzi nao walikuwa wengi hata watu wakawa wanakunywa chai huku wamefunika vikombe kwa viganja.

Kaha alikuwa darasa la saba, na katika watoto wote wa kijiji hakuna aliyemshinda kwa kinyaa. Alitema mate akilipita bwawa akienda shule, akatema tena akirudi. Wenzake walimpachika jina la Mama Mate. Hakujali. Kilichomkera zaidi ni kuona watu wazima wakipita pale wakizungumza habari za soko, kana kwamba pua zao ziliwekwa usoni kwa ajili ya urembo tu.

Jambo moja lilimpa faraja, nalo ni kisima chao. Kilichimbwa na babu yake, na maji yake yalikuwa matamu. Kwa desturi ya wafugaji wa huko, aliyechimba kisima ndiye mwenyewe, lakini majirani wakiomba zamu hupewa, kwa sababu kumnyima mtu maji ni aibu isiyofutika. Mwenye kisima huchonga kwenye jiwe la pale kisimani chapa ileile anayowapiga ng'ombe wake, ili ajulikane. Chapa ya kina Kaha ilikuwa mwezi mchanga. Chapa ya Mzee Awil, jirani yao, ilikuwa mistari mitatu iliyokutana kwenye ncha moja, na watu waliiita mguu wa kuku. Mjukuu wa Mzee Awil aliitwa Ramlo. Yeye na Kaha walikaa dawati moja na kuteka maji pamoja, na Ramlo peke yake ndiye ambaye hakumwita rafiki yake Mama Mate.

Asubuhi moja Kaha alifika kisimani na punda wake akakuta jiwe jipya la saruji limepandwa hatua chache tu kutoka ukingoni. Juu yake palikuwa pamechongwa mistari mitatu iliyokutana kwenye ncha moja. Mguu wa kuku! Hapo kwenye ncha palikuwa na kistari kingine kilicholala, lakini Kaha hakukitazama. Hasira ina macho mabovu. Alichokiona ni kwamba watu wanaoteka maji ya kina Kaha kila siku, na kushukuru kila siku, walikuja kimyakimya wakakipiga kisima chapa yao. Alichukizwa hadi akahisi ladha chungu ulimini.

Hakumwita mtu. Ardhi ilikuwa bado tepetepe kwa mvua, na saruji ilikuwa haijashikana vizuri na udongo. Alilifunga jiwe kwa kamba, akampiga punda mgongoni, likang'oka. Alilifukia shimo kwa miguu, kisha akaliburura jiwe mbali kabisa, hadi ukingoni mwa bwawa. Pale akalisimamisha kwenye tope, mbele ya mzoga wa kondoo uliovimba.

"Mnataka kumiliki kitu?" alisema. "Haya, milikini huu uvundo."

Kisha akatema mate, akarudi nyumbani kumweleza Adeer Bishar. Adeer ni baba mdogo. Babake Kaha alikuwa ameenda mbali na ng'ombe wengi wao kutafuta malisho yasiyo na tope, na Adeer Bishar ndiye aliyeachiwa nyumba. Alikuwa mtu mkarimu, ila hasira zake zilitangulia akili zake kila mahali. Alikwenda bwawani, akaona chapa kwa macho yake, akamsifu Kaha kuwa ana moyo wa mwanamume. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Awil.

Mzee Awil aliapa kwa jina la Mungu kwamba hajui habari za jiwe lolote. Adeer Bishar alimwambia mwizi ndiye huwa wa kwanza kuapa. Tangu siku ile watu wa Mzee Awil walikatazwa kuteka. Nao, kwa kuwa walikuwa na haya na kiburi kwa pamoja, hawakubembeleza. Mto ulikuwa mbali na njia yake ilikuwa matope matupu. Wakaanza kuchota bwawani na kuchuja maji kwa kitambaa. Darasani Ramlo alihamia dawati jingine.

Baada ya wiki moja hivi, gari la wapima ardhi liliwasili, wakapiga hema karibu na shule. Mkubwa wao aliitwa Salat, mwenyeji wa Eldas huko Wajir, kwa hiyo alizungumza na watu kwa lugha yao. Aliwaambia wazee kwamba ametumwa apime mahali pa kuchimba mtaro utakaolitoa bwawa lote hadi kwenye bonde la mto, kabla mvua za masika hazijaanza. Mvua zikilikuta bwawa pale, litafurika hadi kisimani, na hapo Bula Qurah haitakuwa na maji ya kunywa hata tone. Kaha aliposikia hivyo alifurahi mno.

Jioni mamake alimtuma apeleke maziwa kwenye hema. Alipokuwa akimimina, jicho lake lilitua juu ya sanduku la vyombo vya kazi. Ubavuni palikuwa pamepakwa rangi mistari mitatu iliyokutana kwenye ncha moja, na kistari kilicholala juu yake. Maziwa yakafurika kikombe, yakamwagika.

"Hii ni chapa ya nani, Adeer?" aliuliza. Mtoto wa kule humwita Adeer kila mwanamume wa umri wa babake.

Salat alicheka. Alimwambia si chapa, ni mshale, alama ya wapima ardhi tangu zamani, na huchongwa kwenye kila jiwe la kupimia. Moja liliachwa hapohapo kijijini na wenzake wiki iliyopita, lakini walipita jioni, chifu alikuwa Garissa, wakaondoka bila kumwambia mtu.

Kaha aliuliza jiwe ni la nini. Salat, ambaye alipenda kuulizwa, alimwonyesha vyombo vyake. Kimoja kilikuwa kama sahani juu ya miguu mitatu. Hicho husikiliza setilaiti zinazozunguka juu ya dunia na kujua jiwe liko mahali gani. Cha pili kilikuwa darubini ndogo.

"Setilaiti zinajua mahali," Salat alisema. "Lakini kimo zinachotupa kinahesabiwa kutoka kwenye umbo la dunia lililotungwa na wanahesabu, na maji hayajasoma hesabu hiyo. Maji yanajua juu na chini tu. Nchi yenu ni tambarare, jicho haliwezi kuona mteremko. Kwa hiyo darubini hii tunaisawazisha kwa kiputo cha hewa, tunasoma fito zenye namba mbele na nyuma, hatua kwa hatua, tukianzia kwenye jiwe ambalo kimo chake kinajulikana. Jiwe hilo likiwa la kweli, mtaro utakuwa wa kweli."

"Na jiwe likihamishwa?"

"Mtaro utapeleka uchafu mahali usipotakiwa. Pengine kisimani."

Kaha alirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Alimweleza Adeer Bishar yote. Alitarajia angeshtuka. Na kweli alishtuka, lakini kwa ajili ya nafsi yake. Alimwambia afunge mdomo. Alisema yeye amemwita Mzee Awil mwizi mbele ya watu, na jambo likijulikana, kijiji kizima kitamcheka hadi Diff mpakani. Wapima ardhi ni watu waliosoma, wangejua wenyewe la kufanya.

Kaha alimtazama Adeer wake, ambaye kila Ijumaa alivaa kanzu nyeupe na kujipaka manukato, na kwa mara ya kwanza alimwonea kinyaa. Lakini naye alinyamaza. Aliogopa, na uoga ulimpa sababu nyingi nzuri.

Kesho yake watoto waliwaonyesha wapimaji jiwe pale bwawani, nao wakaanza kazi wakiamini ndipo lilipopandwa. Walikwenda na darubini na fito kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ngazi ya shule, ambapo palikuwa na alama nyingine ya zamani. Tofauti ya vimo vya alama hizo mbili ilijulikana, na hesabu yao ilipaswa kulingana nayo. Haikulingana hata kidogo. Walirudia, ikakataa. Wingu zito lilikuwa linajikusanya upande wa bahari.

Kaha alikuwa kwenye ukumbi wa shule aliposikia msaidizi mmoja, Nuh, akimshawishi Salat waligawanye kosa kidogokidogo kwenye vipimo vyote ili hesabu ikae sawa, wachimbe, waende zao. Alisema kule mjini nani angejua?

"Maji yatajua," Salat alijibu. "Unaweza kumdanganya mkubwa wangu, na mimi, na karatasi. Maji huwezi."

Alitoa kifaa cha setilaiti cha mkononi, akaenda nacho hadi kwenye jiwe, akangoja kisome, akalinganisha na mahali walipoandika wenzake. Kisha aliwaita wazee. Aliwaambia kwamba jiwe limetembea. Kifaa kile kidogo hukosea kwa upana wa uwanja wa mpira, lakini jiwe lilikuwa mbali kuliko hapo. Kilitosha kujua kwamba limehama, hakikutosha kumwonyesha shimo lilipotoka. Vile vyombo vikubwa vingeweza, ila hesabu zake hufanyiwa Garissa, na barabara ikinyeshewa gari halirudi tena. Chini ya jiwe, kwenye shimo lake la asili, wenzake walizika kipande cha chuma chenye kimo kilichopimwa. Alama ya shule peke yake haitoshi, kwa sababu kipimo huhakikiwa kwa alama mbili. Anayelijua shimo alionyeshe, ama wafunge hema.

Wazee walitazamana. Walikubaliana wakutane shuleni baada ya sala ya alasiri, na tayari wengi walikuwa wanamtazama Mzee Awil kwa jicho la pembeni.

Masomo yalipokwisha, Kaha alisikia kwamba Ramlo hakuja kwa sababu anahara na kutapika. Aliingia kwao bila kubisha. Ramlo alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Chumba kilinuka kama bwawa. Mamake Ramlo alikuwa anamtengenezea yale maji ya chumvi na sukari ambayo kila mtoto wa shule alifundishwa. Chumvi alikuwa nayo. Sukari alikuwa nayo. Maji kwenye kikombe yalikuwa na rangi ya chai iliyochacha, na ndani yake kidudu chekundu kilikuwa kinajipinda.

Mama yule hakumfukuza. Alikitoa kidudu kwa ncha ya kijiko, akakoroga.

Kaha alimshika mkono. Kinyaa alichokiona safari hii hakikuwa cha maji wala cha kidudu. Alijionea kinyaa mwenyewe, toka utosini hadi nyayoni, na hakuna mahali pa kutema hicho. Alimwomba yule mama angoje, akakimbia kwao, akaurudia mlango ule akiwa amekumbatia mtungi wa maji ya kisimani. Aliuweka mlangoni, akatoka mbio kwenda shuleni.

Wazee walikuwa wamekwisha keti. Adeer Bishar ndiye aliyekuwa anazungumza. Akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, alikuwa anaeleza kwamba jiwe, hata kama ni la wapimaji, limekutwa na chapa ya Mzee Awil, na mwenye chapa ndiye wa kuulizwa. Mzee Awil alikuwa ameinama, akichora chini kwa fimbo.

"Ni mimi," Kaha alisema.

"Nenda nyumbani," Adeer Bishar alisema upesi. "Hapa ni mahali pa watu wazima."

"Ni mimi niliyeling'oa. Nilidhani ni chapa ya Mzee Awil, nikaliburura kwa punda hadi kwenye uchafu. Halafu nikajua ni alama ya wapimaji, na bado nikanyamaza. Ramlo anakunywa maji ya bwawa kwa sababu yangu. Shimo liko kisimani kwetu. Nitawaonyesha."

Hakumtaja Adeer wake. Alingoja ajitaje mwenyewe. Watu wote wakajikuta wanaitazama ile kanzu nyeupe. Hatimaye Adeer Bishar alikaa chini, akafunika uso. Alisema mtoto alimwambia ukweli mapema, na yeye ndiye aliyemziba mdomo.

Mzee Awil aliinua kichwa. "Niliapa kwa Mungu, Bishar," alisema. "Tumekula pamoja miaka yote hii, na hukuniamini hata baada ya kiapo." Aliinuka, akamwambia Kaha, "Twende tukalione hilo shimo."

Walichimba pale alipoonyesha. Jembe liligonga kitu, Nuh akapiga magoti akafuta udongo kwa vidole, na kile chuma kikaonekana, kimesimama wima kama kilivyozikwa. Wakaanza upya kutoka hapo. Salat alisoma fito, Nuh akaandika, wakaenda hivyo hadi kwenye ngazi ya shule, na mara hii hesabu ikalingana. Salat alimwita Kaha atazame kwenye darubini. Kilichomshangaza ni kwamba upande ambao kila mtu aliuona kuwa wa juu, ndio uliokuwa wa chini. Mtaro ulipita upande huo.

Kijiji kizima kilichimba, wanaume kwa wanawake, mawingu yakiwasukuma. Mdomo wa mtaro ulipofunguliwa, mizoga iliuziba. Kaha hakungoja kutumwa. Alimfunga punda kamba, akaingia kwenye lile tope hadi magotini, akaanza kuitoa mmoja mmoja. Alitapika. Akapangusa mdomo kwa bega, akaendelea, na hakuna mtoto aliyemwita Mama Mate siku ile. Maji yakaanza kusogea, taratibu mno mwanzoni, kisha yakashika njia kuelekea bondeni, yakavuta utando na nzi wake wote.

Mvua ilipoanza, bwawa lilikuwa limebaki tope linalokauka, na kisima kilikuwa salama. Ramlo alikuwa amekwisha anza kula. Salat naye, kabla ya kuondoka, aliwaita wazee wote kisimani, akapanda jiwe jipya mbele ya macho yao na kuwaeleza mshale ule maana yake. Alikiri kwamba wenzake walikosea kupanda kitu kwenye kisima cha watu bila salamu. Jiwe lile la kwanza lilikuwa limetembea kwa miguu ya Kaha, alisema, lakini wao ndio waliomfungulia mlango.

Siku ya kunywesha, Adeer Bishar hakuvaa kanzu. Ng'ombe wa Mzee Awil walifika, naye akawapa zamu ya kwanza, mbele ya ng'ombe wa nyumba yake, akashuka kisimani akawatekea kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Awil alimtazama muda mrefu akihangaika na ndoo. Mwishowe alivua viatu, akashuka kumpokea.

Kaha na mamake walikuwa wamesimama kando na mitungi yao. Kaha aliuliza kwa sauti ndogo kama Ramlo atarudi kwenye dawati lao.

"Mwulize yeye," mamake alisema. "Usitake kujibiwa upesi. Ulikuwa unatema mate kila ukilipita bwawa, mwanangu, na ulikuwa na haki, lilikuwa linanuka. Lakini uchafu wa bwawa tumeuchimbia mtaro, umekwenda. Uongo hauchimbiwi mtaro na mtu mwingine. Unatoka kwa mdomo uleule uliouweka, na ukikaa ndani, majirani ndio wanaoumwa tumbo."

Kaha alijitwika mtungi uliojaa, akaupita mlango wa kwao, akaenda nao hadi kwa kina Ramlo.